Mama Naswiba Ameshukia Kikorongo

Mama Naswiba,

Naenda Bwera na mzigo wa sabuni, nitarudi jioni. Maharagwe nimeloweka, sigiri bado kuwashwa. Riwaya yangu iko juu ya kabati. ~~Washia moto.~~ Usiiguse kwanza.

Asubuhi nilinuna, najua. Nilikuwa nakusomea huku ukimenya matoke, kama kawaida yetu. Katika kitabu kizima dereva wangu amevuka mpaka, amepigana na majambazi, amelia kwenye kaburi la baba yake, na kisu chako hakikusimama. Leo kimesimama, pale alipoteremka Kikorongo kununua samaki.

Ukauliza, "Huyu mama muuza samaki, mume wake yuko wapi?"

Nikakujibu kwamba huyo tunampita tu, habari ni ya dereva.

"Basi dereva aendelee salama, Baba Naswiba. Mimi nimeshukia hapa." Ukachukua mwavuli, ukaenda dukani.

Kuandika upya riwaya iliyobakiza sura moja, kwa ajili ya mwanamke wa ukurasa mmoja, ni wazimu. Nilitaka kukuthibitishia hivyo, nikaisoma tena peke yangu tangu mwanzo wa safari. Nilipiga miayo mpaka Kikorongo.

Basi naanza upya. Jioni tutafute jina la huyo mama, maana mimi sikumpa hata hilo.

Matoke nimekumalizia kumenya. Yamebaki membamba kama kalamu. Naswiba asicheke.

Baba Naswiba,
mwandishi wa ukurasa mmoja