Napoleoni Mdomoni mwa Baba

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Waendeleaje? Mimi mzima, ila nguo za kufua hapa hotelini zinatutoa jasho. Dada ameniandikia kwamba kiharusi kimekuachia mikono na miguu, lakini ulimi umekuwa mzito, na kwamba mkuu wa stesheni anataka mashine itangaze treni badala yako. Baba, umetangaza miaka ishirini na sita, yatosha. Njoo ukae nami. Nakutumia kitabu cha vita vya Napoleoni na filamu sita za habari zake, vikuliwaze.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, ulimi tu ndio umegoma. Kuja kwako sikatai, ila siji nikiwa nimefukuzwa na mashine. Kitabu nakisoma kwa sauti kila asubuhi, kurasa kumi. Filamu nazizima sauti, nasimulia mwenyewe. Dada yako anasema Napoleoni wangu ana mafua. Kwenye vita vya Austerlitz yeye alishinda kwa siku moja. Mimi jina lenyewe limenichukua wiki nzima.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimecheka, lakini roho haijatulia. Bwana huyo aliingia Urusi na jeshi zima akatoka na mabaki, kwa sababu hakujua kugeuka mapema. Usiwe kama yeye. Mkuu akikukataa mbele za watu, nitaumia kuliko wewe. Nijibu upesi.

Binti yako

30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa ukimya. Nilikuwa kazini, kazi ya mdomo. Afya yangu inaridhisha, nawe natumaini hujambo.

Umeniasa vizuri, ila mimi sikumfuata mfalme. Niliwafuata mafundi wake, wale waliosimama ndani ya mto wenye barafu wakijenga madaraja ili wenzao wavuke. Wengi wao hawakurudi makwao. Ukurasa huo niliusoma mara kumi na moja, hadi ukatoka bila kukwama. Kesho yake nikavaa sare, nikaenda kwa mkuu.

Akaniambia, "Mzee, mashine haikosei."

"Kweli," nikamjibu. "Na treni ikichelewa, abiria wakiiuliza, itawajibu nini?"

Akanisogezea kipaza sauti. Nilitangaza treni ya reli ya pili, nikataja stesheni zake tisa. Ya sita ilinikwama kooni. Nikavuta pumzi, nikaianza upya. Kupitia dirishani nikamwona mama mmoja aliyekuwa ameketi juu ya mzigo wake akisikiliza. Akainuka, akajitwisha, akaelekea reli ya pili, pale pale nilipomwelekeza.

Nimepewa siku tatu kwa wiki. Mashine imechukua nne. Nazitaka na hizo.

Baba yako