Bastola ya Kapteni Ormerod

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Calderbeck, Yorkshire

Jina: Wilfred Sugden
Umri: Miaka 71
Kazi: Dereva wa lori, mstaafu
Makazi: Mtaa wa Mill, Calderbeck

Mimi ni mkusanyaji wa bastola za kale za jeshi letu la Uingereza. Mnamo tarehe 9 Machi, Jumamosi, nilikuwa kwenye maonyesho katika ukumbi wa mji, meza yangu ikiwa jirani na ya Clement Garside. Garside alikuwa na bastola iliyoundwa na fundi Adams, ya enzi za kushindilia baruti, silinda ya matundu matano, mpini wa mti wa jozi. Ubavuni limechongwa jina la ofisa aliyeinunua: Kapteni J. Ormerod. Ni kitu kizuri, afande, basi tu. Miaka ishirini nimemwomba niishike. Glovu za pamba hazinitoki mfukoni. Jibu lake ni lile lile: "Wilf, toa mikono yako ya grisi hapo!"

Asubuhi hiyo alifika mama mmoja, Doreen Ormerod, mpishi wa shule. Alisoma lile jina. Kisha akatoa kwenye pochi picha ya zamani: babu wa babu yake amekaa kitini, bastola mkononi, mpini umemeguka pembeni. Garside aliichunguza picha kwa lenzi, akaitazama bastola. Imemeguka pale pale.

Akasema, "Mama, hii si yangu. Nilikuwa nawatunzia tu."

Nikamwambia, "Clem, una wazimu? Hiyo ndiyo roho yako!"

"Nyamaza, Wilf."

Aliifunga kwenye taulo la jikoni, akampa bure. Alifuta macho, akasingizia vumbi. Nilimwonea wivu, sikatai. Lakini moyo ule mimi sina.

Hakuna kati yetu aliyemwonya asiitoe hadharani. Sisi tumezizoea mno. Mama wa watu akaitoa akiwa ndani ya treni ili alisome tena lile jina, abiria wakapiga mayowe, nanyi mkamkamata. Sasa nasikia bastola itayeyushwa kama silaha haramu. Jamani! Haikuibwa, haina baruti, na mwenyewe ndiye yule analia pale nje. Garside hana simu na yuko njiani kurudi kwao, ndiyo maana nimekuja mbio.

Nimesomewa niliyoyasema, ni ya kweli, na nimeyatoa kwa hiari yangu.

Sahihi: W. Sugden

Maelezo ya ofisa: Bi. Ormerod ameachiwa na kurudishiwa bastola yake. Kabla ya kuifunga, alimpa shahidi aishike. Shahidi alivaa glovu kwanza.
Konstebo P. Farrar