Duma Tuliyemzingira

Sinza, Jumapili

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mguu wa bibi yako unaendelea vizuri.

Unauliza ufanyeje wageni wakikushurutisha usogeze gari karibu na wanyama. Udereva huohuo wa watalii ndio uliomsomesha mama yako, kwa hiyo siubezi. Lakini siku moja nilimwona duma akinyatia swala, nikawaita wenzangu kwa redio. Tukamzingira magari saba.

"Kaka, sogea basi, wageni wangu hawaoni!" mmoja alinifokea.

Swala akatoroka. Katika shajara niliandika, "Wageni wamefurahi." Kesho yake nilimkuta duma yule amekonda, watoto wake wakinyonya maziwa yasiyotoka. Hilo sikuliandika.

Ukikataa, naogopa watakufukuza kazi. Ukikubali, naogopa utazoea, kama nilivyozoea mimi.

Babu yako