Kuku wa Mama

Buhongwa, Mwanza
6 Julai 1997

Kaka Nkwabi,

Shikamoo. Hapa nyumbani tu wazima. Mama anakusalimu huku anapepeta mtama, maana tumevuna wa kutufikisha msimu ujao.

Umeuliza yale mahindi uliyotutumia kwa basi yamezaa vipi. Hayakupandwa, kaka. Mvua za vuli ziligoma, mbegu zikakaa ndani, chakula kikaisha. Tangu ushirika ufungwe bwana shamba naye haonekani, na huyo muuza duka wako alizipima kwenye mfuko usio na maandishi. Tungejuaje kwamba ile rangi nyekundu ya mbegu ni dawa ya kuua wadudu?

Njaa ilipozidi Mama aliziosha mpaka maji yakatoka meupe, akazibandika jikoni tuzile. Kuku wakanywa yale maji uani. Sufuria haijachemka, jogoo akaanguka, kisha wengine wote. Mama akamwaga sufuria nzima chooni, akakaa chini. Siku ile tulilala njaa, na sijawahi kuifurahia njaa kama ile. Ukija usimuulize.

Mvua ziliponyesha Februari, shangazi wa Kiseke alitugawia mbegu ya mtama wake wa zamani. Ndio huu unaopepetwa.

Ukitaka kutuma mbegu tena, zije na mfuko wake wa kiwandani. Na Krismasi usitegemee supu ya kuku. Hutamkuta hata mmoja. Sisi utatukuta wote.

Mdogo wako,
Minza