Mababu Saba wa Posa

Jumanne, 3 Februari 1885

Daftari hili Padri alinipa niandike dhambi zangu kila jioni, nisizisahau siku ya kuungama. Ameahidi hatalisoma. Leo dhambi ni moja: nimemchukia Mzee Pazi, mjomba wa mchumba wangu Tekla, mtu nisiyewahi hata kumwona. Katuma neno kutoka Fukayosi. Hamtoi Tekla kwa mtu asiye na ukoo. Niende nikamweleze nimetoka kwa nani, la sivyo yuko mtu wa Miono mwenye mbuzi kumi na wanne.

Ukoo nitautoa wapi mimi? Mapadri walinikomboa utumwani Unguja, wakanileta hapa misheni Bagamoyo, meno ya utoto hayajaanza kung'oka. Hata hili jina la Raymundi ni la mtakatifu wa siku niliyobatizwa.

Padri anasema mbele ya Kanisa mjomba si kitu. Tekla anasema bila mjomba yeye haolewi. Nimemwamini Tekla. Na Kwaresima yaanza tarehe 18, hakuna kufunga ndoa mpaka Pasaka. Mbuzi hawana Kwaresima.

Alhamisi, 5 Februari

Mjini, kwa Mwinjuma, fundi anayenishonea kanzu ya harusi. Mzungu mmoja wa msafara alimwachia Injili ya Kiswahili, iliyochapwa Unguja, na Mwinjuma herufi za Kizungu hazijui. Basi yeye apima, mimi namsomea.

Tukaanza Matayo. Fulani akamzaa fulani, fulani akamzaa fulani, mpaka Yosefu. Nilitaka kuruka. Mwinjuma akanikataza. Akasema sasa hiki ndicho kitabu, mtu kwanza ajulikane katoka wapi.

"Nabii Isa kaja na mababu arobaini," akasema, "na wewe huna hata mmoja. Kanzu hii nishone, au ningoje?"

Jumamosi, 7 Februari

Leo Luka. Naye ana orodha, ila yake inarudi nyuma. Mwinjuma akanisimamisha, sindano mdomoni. Rudia hapo. Nikarudia. Juzi baba yake Yosefu alikuwa Yakobo, leo ni Eli. Juzi babu alikuwa Matani, leo Matati. Huko juu zaidi ndiyo usiseme.

Akatoa sindano mdomoni. Akaniuliza kwa upole — na upole wake ndio ulioniudhi — si mnasema wenyewe kwamba Yusufu siye baba yake Isa?

Nikasema ndiyo.

"Basi orodha mbili, hazipatani, na zote za mtu asiyehusika."

Nikamwambia atazame mkono wa kushoto wa kanzu, ni mfupi. Haukuwa mfupi. Dhambi ya leo: uongo.

Jumapili, 8 Februari

Baada ya misa nikamfuata Padri. Kwanza akasema kile ni kitabu cha Waprotestanti. Nikamwomba afungue chake cha Kilatini. Akafungua. Eli yumo. Akakohoa.

Akasema wanazuoni walishalimaliza jambo hili zamani. Mzee mmoja alikufa bila mtoto, ndugu yake akamrithi mjane, kwa hiyo Yosefu ana baba wawili, mmoja wa damu na mmoja wa sheria. Nikauliza imeandikwa wapi. Haikuandikwa. Nikauliza Matayo na Luka majina walipewa na nani, maana hawakuwepo. Roho Mtakatifu. Nikauliza, mmoja au wawili?

Rozari tatu, kwa magoti.

Nimesali moja na nusu. Roho yaniuma kweli. Kitabu hiki ndicho kilichonilea, sina mzee mwingine wa kumwuliza. Kama majina walijitungia, mimi nashika nini?

Jumatatu, 9 Februari

Nimeamka na akili nyingine. Labda Matayo naye alikuwa na wazee wa kuwaridhisha! Kuna watu hawakusikilizi neno mpaka uwatajie babu. Sasa namwelewa, na hasira imepungua.

Badala ya kupiga randa mlango wa kanisa, nimetunga mababu saba. Mkubwa wao nimemwita Sekwande. Wawili wahunzi, mmoja mganga. Wa tano nimemvunja mguu vitani, asionekane ametungwa.

Mshenga ni rafiki yangu Hieronimo. Kusoma hajui, kwa hiyo nimemkaririsha mpaka jua limezama. Kesho anatangulia Fukayosi. Dhambi ya leo sijui niiandikeje. Nimeacha mstari mtupu.

Jumamosi, 14 Februari, Fukayosi

Naandika uani kwa Mzee Pazi. Nimetolewa nje. Yeye na wazee wenzake wamo ndani.

Nilianza vizuri. Shikamoo mjomba, marahaba, habari za shamba mpaka za kuku. Nikataja mababu saba bila kukwama. Mzee Pazi akaitikia kwa kichwa kila mmoja. Halafu akasema mshenga wangu alitaja wanane, na watatu tu ndio wanaofanana na wangu.

Nikamtazama Hieronimo. Hieronimo akatazama paa. (Amekuja kuniambia hapa nje: alimsahau wa nne, akaona haya kunyamaza, akaongeza watu na simba mmoja.)

Mzee Pazi akauliza nani mwongo kati yetu.

Mdomo ukafunguka wenyewe. "Mjomba, babu mmoja alikufa bila mtoto, ndugu yake akamrithi mjane. Kwa hiyo kuna wa damu na wa sheria."

Wazee wote wakaitika. Ndivyo, hata huku ndivyo. Mmoja akatoa mfano wa nyumbani kwake. Padri wangu — rozari zile nitazimaliza zote. Nikadhani nimeshaoa.

Mzee Pazi akangoja watulie. Akasema hao ni waume. Waume mtu anaweza kuwataja hata ishirini, nani atabisha? Ukoo kwao ni wa mama. Tekla ni wao kwa sababu ya mama yake.

"Wewe mama yako nani?"

Mababu saba, mguu nikavunja, na mama sikukumbuka kumtunga! Hieronimo akaropoka, Mariamu. Mzee Pazi akasema huyo amemsikia, ni wa yule mwingine.

Akaniambia nitoke nikafikiri mpaka chakula kiive. Akaongeza taratibu, nisimletee wa kutungwa. Kumbe alijua tangu babu wa kwanza.

Nimeandika hapa majina manne ya kike, nimeyafuta yote. Yalikuwa mazuri. Jina lake silijui. Ninachokijua ni hiki: nikilia, alikuwa akinipuliza sikioni, polepole, mpaka nacheka. Sijamwambia mtu, hata Tekla, hata kwenye kitubio. Hilo sikulisoma popote, na Hieronimo hawezi kulikosea.

Tekla katoka jikoni na mtungi. Kapita karibu, kasema bila kusimama kwamba mama wa yule mtu wa Miono anajulikana sana, na ndiyo maana yeye hataki kwenda huko. Nikamwuliza niseme nini basi. Akasema nimekonda, niseme upesi tule.

Mzee Pazi ananiita. Jina sina. Nina sikio tu, basi nitamwambia la sikio. Mara ya pili sasa, ananiita —