Beji Ambayo Quinter Aliikataa

Silibwet,
Bomet.
15 Juni 2025

Mpendwa Dada Eucabeth,

Hujambo dada yangu? Shemeji Nicholas naye hajambo? Na lile goti lako, limetulia au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku tuko salama, Mungu ametubeba. Mvua hainyamazi, hii ni wiki ya tatu, na mke wangu Dolphine ana mafua, lakini chai shambani inafurahi.

Uliuliza kama Quinter wetu alipata ile beji ya skauti. Hakupata, dada. Na tangu nizaliwe sijawahi kujivunia mtoto hivi. Ngoja nikueleze, hata kama utanicheka.

Kwa beji hiyo, kila mtoto ana kijitabu cha kazi za nyumbani. Akimaliza kazi, mzazi aliyemwona akiifanya anatia sahihi. Kazi ya mwisho ya Quinter ilikuwa kupikia familia chakula cha jioni peke yake, kuanzia kuwasha moto mpaka kuosha sufuria. Mwalimu Chepngeno anayewaongoza alituita wazazi atueleze wajibu wetu. Mimi sikwenda. Nilimtuma Dolphine, eti hayo ni mambo ya akina mama.

Jioni moja Quinter akaniwekea kijitabu mezani nisome, tupange siku ya kupika. Nilikuwa nimerudi kutoka kazini nimelowa, nikadhani ni ile dayari ya shule. Nikasaini kila palipokuwa na mstari, nikaendelea na chai yangu. Kesho yake vijitabu vikakusanywa, hata Quinter mwenyewe hajafungua chake.

Na unajua vile mimi ni karani wa kununua majani chai. Mkulima akileta majani magumu kituoni namrudishia, hata kama ni mzee wa kanisa letu. Kumbe nyumbani napitisha chochote.

Jumamosi ya gwaride la skauti nilivaa lile koti la harusi. Mwalimu akamwita Quinter, akanipa beji nimvalishe. Mtoto akapiga saluti, akasema mpaka waliosimama nyuma wakasikia:

"Mwalimu, baba amesaini, lakini mimi sijapika."

Dada, niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nyuma yangu alikuwa Mzee Kipyegon, ambaye wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemrudishia majani yake. Akasema polepole, "Karani, leo ni yako yaliyorudishwa." Uwanja mzima ukacheka. Mimi pia nikacheka, huku machozi yananitoka, nikamrudishia Mwalimu beji yake, naye akaifuta sahihi yangu na kumrudishia Quinter kijitabu. Mtoto wa miaka kumi na mmoja! Wengi wetu watu wazima tungenyamaza tu na kuivaa.

Jana ndipo alipopika. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kigoda nitazame, basi. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ukatujaa, nikainuka nimsaidie kupuliza. Akaniambia nikae. Ugali ulitoka na madonge, na sukuma wiki ilikuwa na chumvi ya kutosha ng'ombe. Nilimaliza sahani yangu yote. Halafu nikatoa kalamu, lakini yeye akakivuta kijitabu.

"Bado, Baba. Jumamosi napika tena."

Kalamu nimeirudisha mfukoni. Nitasubiri.

Nisalimie Shemeji, na mwanao Phelix umwambie kwamba binamu yake anamshinda kwa kila kitu isipokuwa chumvi. Mungu awafunike nyote, na hilo goti alipe nguvu.

Ni mimi ndugu yako anayekupenda, na ambaye siku hizi anasoma kwanza,
Joab Ooko