Motokari ya Kumupeleka Mama Mwanne

Sulemani bin Jumaa,
Fundi wa vyombo vya ziwa, na sasa vya nchi kavu,
Albertville (Kalemie yetu ileile)
Tarehe 9 Aprili 1956

Kwa Bibi Asha binti Hemedi, Ujiji

Mupendwa dada yangu Asha,

Nakuletea salamu nyingi kama ndagala, dagaa wenu, wa siku za giza. Barua hii ikukute muzima, umekaa kivulini, na chai iko karibu. Goti lako je, limeacha kelele? Na kifua cha shemeji Hamidi? Mwambie aache kulala dirisha wazi, ziwa halina adabu kwa wenye vifua. Huku sisi wazima, Mungu asifiwe. Muke wangu Zaina muzima, Mama Mwanne muzima, miguu tu njo ileile unayoijua, haimubebi tena. Mimi nimezidi uzima, mpaka wanawake wa soko wananiomba nipite upande mwingine wasiharibikiwe biashara.

Barua yako ilifika kwa meli, haikulowa. Unauliza neno moja: Mama anavuka kuja kwako, ama havuki? Nimekusikia, dada. Nilimusomea Mama barua nzima, akanirudisha pale unaposema umemujengea chumba chenye dirisha linalotazama ziwa. Nilimusomea tena. Akakunja ncha ya kanga na kuikunjua. Halafu akasema: "Sivuki kabla sijamuaga mume wangu."

Wewe ni mutoto wa nyumba, sina haja ya kukufundisha. Papa Hemedi amelala kule kijiji cha zamani, njia ya Kabimba, na huu ni Shaabani, mwezi wa kuzuru makaburi. Kwa mutumbwi ni karibu, lakini pwani ile haina gati, lazima muntu abebwe mugongoni majini. Mama anasema: "Nilishuka pale bi harusi, sirudi pale kapu la samaki." Lori la wauza mihogo nililipata, mwenye lori akasema atamuweka juu ya mizigo, kuna upepo mwanana. Mama akamwangalia: "Mimi si gunia." Ikaishia hapo.

Sasa sikia habari ya motokari. Umesoma vizuri, Asha. Motokari!

Muzungu mumoja wa pamba aliporudi kwao Ulaya aliiacha nyuma ya nyumba, matairi yamelala, kuku wa jirani wanataga kwenye kiti. Ni Chevrolet ya mwaka wa thelathini na tatu, na taa zake mbili ni kama macho ya muntu aliyeletewa habari mbaya. Watu wote waliona chuma cha kufulia majembe. Mimi, niliyelala Kabalo penye reli zinakutana, niliyevuka daraja la Kongolo kwa treni kichwa kikiwa nje, nikaona motokari. Aliyeachiwa mali ile alitaka mutumbwi wa kuvulia, nikamupa mumoja wa kwangu, tukavuta ile kwa kamba mpaka uani.

Ningeipeleka garaji? Garaji ni ya watu wasio na mikono. Shuleni nilifika darasa la tatu, mwalimu akasema kichwa changu kimejaa, nikaelewa kwamba hakuna nafasi tena, nikatoka. Lakini mikono haijajaa bado. Nilitandika mukeka uani, nikafungua motere, ile injini, chuma kwa chuma, nikavipanga kwa ukoo: huyu mutoto wa huyu, huyu shemeji wa yule, hawa wawili wamegombana, wasikae karibu. Muntu akijua ukoo hapotei. Sufuria ya Zaina ya wali ikawa ya kuoshea vyuma kwa mafuta ya taa. Siku ile tulikula wali wenye harufu ya meli.

Na Mama Mwanne, dada, njo hapo aliponishangaza. Jua likishika bati, uani kukawa kimya hata mbuzi wamefumba macho, ananiita: "Sulemani, niweke ndani." Tunamuweka kiti cha nyuma, mimi nakaa mbele, nashika volani, usukani wake. Motokari iko juu ya magogo, haina hata gurudumu moja. Ukungu wa joto unapanda kutoka udongoni, ukuta wa nyumba unaanza kuyumba kidogo, na sisi tunaondoka.

"Tumefika wapi?" ananiuliza.

"Kabalo, Mama."

"Kuna nini?"

"Kuna Lualaba, pana, rangi ya chai ya maziwa. Treni imesimama inakunywa maji."

"Pita polepole. Kuna mama pale anauza karanga, usimutilie vumbi."

Basi napunguza mwendo, Asha. Wallahi, muguu wangu unakanyaga fureni, ile breki. Tunapita Kongolo chini ya kengele za mapadri, tunapita vijiji ambavyo mimi sijavifikia na yeye hajavisikia, anavipa majina mwenyewe. Mara nyingine hatusemi kitu. Upepo unaingia mulango mumoja na kutokea mwingine, naye analala kidogo, na mimi naendesha tu, naogopa kusimama nisimwamshe. Tangu mama yangu alipofariki na yeye kunichukua kwenye mukeka wake pamoja na wewe, sijui kama nilipata kukaa naye kimya namna ile.

Zaina alituona. Akasema: "Wewe Papa Sulemani, unakaza vyuma hivi polepole kwa makusudi. Unajua ikipona, Mama anaondoka." Nikamwambia mwanamuke hajui motere. Akaniangalia, akaendelea kutwanga sombe, majani yake ya mihogo.

Hata hivyo niliharakisha. Radiateri, tumbo lake la maji, ilivuja, nikaichomelea kwa risasi. Magurudumu nilipata kwa fundi wa lori. Halafu nikaingia kazi yetu ya ukoo. Unakumbuka Papa Hemedi alivyotufundisha kalafati tungali wadogo? Pamba, lami ya moto, gonga, pitisha kidole, gonga tena. Tundu ni adui, ziwa haliombi ruhusa. Basi nilipitisha kidole motokari nzima, chini, milango, nyuma, mbele, na kila tundu lililopokea ncha ya kidole ama ya msumari, niliziba. Bonaventure, jirani yangu, yule Mubembe muvuvi mwenye sauti ya ngoma, alizunguka mara moja akasema: "Sulemani, hii hata ukiisukuma ziwani itafika Kigoma mbele ya meli." Nilikubali. Ilikuwa kazi nzuri.

Siku moja ikaunguruma! Kuku walihama. Mama akapiga vigelegele akiwa kitandani. Tukamuweka nyuma, na kanga mpya na ubani wa kufukiza kule, Zaina pembeni yake, Bonaventure mbele. Tulipita mujini polepole ili watu wapate faida. Kuvuka soko tu, motere ikakohoa, ikakohoa, ikalala. Nikafungua mbele, nikapuliza karbirateri, kile kijungu kinachochanganya esansi na hewa. (Esansi njo ile ninyi munaita petroli.) Hakuna. Tukasukuma mpaka nyumbani, Mama ndani ameinamisha kichwa, watu wanasimama kutazama.

Kesho yake inawaka kama si yenyewe. Tunaondoka, tunapita soko, inalala palepale. Kesho yake tena vilevile. Nilibadili bujii zinazotoa cheche, nilisafisha mirija, nilisoma dua, nilitukana. Palepale.

Unajua midomo ya Kalemie. Wakaanza kusema: marehemu hataki kuagwa. Neno likapita juu ya ukuta mpaka kwa Mama. Tangu hapo hakutaka tena kuwekwa kiti cha nyuma. Nilimukuta amegeukia ukuta, akaniambia polepole bila kugeuka: "Basi, mwandikie Asha. Baba yake hajanipa ruhusa. Chumba kile ampe mutoto."

Nilichukua kalamu, dada. Barua ile ingenifaa mimi, Mama angebaki kwangu, ningeendelea kusikia kikohozi chake asubuhi kabla ya adhana. Lakini muntu anayebaki kwa sababu anadhani mume wake amemugeuzia mugongo, huyo amebaki wapi? Niliirudisha kalamu kikombeni.

Nikamwita Bonaventure, tukatoka sisi wawili tu. Ilipolala pale penye soko, yeye akakaa juu ya jiwe, akaweka mikono kichwani.

"Muzee, mutumbwi wako huu unataka makasia."

"Nyamaza."

"Sema kweli, kuna esansi mule, ama ulitia maji ya ziwa?"

"Nimejaza mwenyewe!"

"Fungua nione. Mimi ni Mukristo, naamini nikiona. Kama Tomaso."

Kwa hasira nikaenda nyuma, nikazungusha mufuniko wa tanki. Asha, ile motokari ilivuta pumzi. Haaaaa! Kama muntu aliyezama akatoa kichwa juu ya maji. Bonaventure aliruka kutoka jiwe lake: "Yesu Maria!" Mimi nilibaki na mufuniko mukononi. Nikaugeuza. Katikati kulikuwa na kitobo kidogo kama cha msumari, na ndani yake pamba yangu, na lami yangu, imegongwa vizuri, imepitishiwa kidole.

Umeelewa? Tanki linatoa esansi, lazima liingize hewa pahali pake. Mimi nilifunga mulango wa hewa. Ilikwenda hatua zake chache, pumzi ikaisha, ikakata roho. Nyumbani ikilala, hewa inajipenyeza kidogo kidogo, asubuhi imefufuka. Muntu mwingine yeyote wa mujini huu angekiacha kitobo kile kwa uvivu. Inataka fundi wa kalafati wa ukoo mzima kukiona na kukiua! Tulicheka pale sokoni mpaka mama mumoja akatuletea maji, akidhani tumepagawa.

Nilimweleza Mama, nikamupa mufuniko aushike. Alisikiliza. Akatia kijiti, akaisukuma pamba nje mwenyewe. Halafu mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, mpaka kanga ikaanguka. "Hemedi alikufundisha kuziba," akasema. "Alidhani kuacha utajifunza mwenyewe." Akaufuta mufuniko kwa kanga yake mpya. "Niweke ndani."

Hiyo ilikuwa jana. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara nyekundu na laini kama ulimi, na ukungu umelala juu ya ziwa hata hujui maji yanaanzia wapi. Tulipita soko. Hakuna aliyepumua isipokuwa motokari. Tukaendelea. Ziwa likawa linakuja na kuondoka upande wa kulia, kati ya migazi ya mawese, jeupe, halina mwisho, na kwa kitambo niliona kama hatuko barabarani, tunateleza tu juu ya ukungu ule pamoja na mitumbwi. Mama aliuliza: "Tumefika wapi?" Nikafungua mudomo kusema Kabalo. Kisha nikatazama, nikamwambia: "Tumefika, Mama. Ile njo michikichi ya kwetu."

Tulimubeba kwenye kiti, mimi na Bonaventure, juu kama sultani. Bonaventure alivua kofia. Majani yalikuwa marefu, lakini Mama hakukosea kaburi. Tulimushusha, Zaina akawasha ubani, tukasoma Fatiha, halafu Mama akatupungia mukono tusogee. Tukakaa mbali chini ya michikichi. Tulimuona anang'oa majani kwa mukono wake, moja moja, na midomo inakwenda. Mara nyingine alinyamaza kama muntu anayesubiri jibu, na mara moja alicheka. Sikusikia alichosema, na ningesikia nisingekuandikia, ni mambo ya wenye nyumba. Moshi wa ubani haukupanda. Ulilala juu ya majani, ukaenda pole upande wa maji.

Alipoita tulirudi. Uso wake ulikuwa umepumzika. "Ameniruhusu," akasema. "Na ameniambia Asha anasubiri tangu zamani."

Njiani nilishika volani kwa mikono miwili. Esansi inaumiza macho sana, hasa upepo ukiwa wa kaskazini. Zaina alinyoosha mukono kutoka nyuma akaniwekea begani, na hakusema lile neno lake la motere.

Basi jibu lako njo hili, dada: anavuka. Ramadhani anafunga hapa kwetu, Idi ikipita anapanda meli. Usimuulize kama amechoka, hapendi, muulize kama chai imepoa. Uji wake usiwe na sukari nyingi, atadai, umunyime. Akilala mchana weka kitu kinachonguruma karibu, cherehani ya shemeji itafaa, siku hizi amezoea.

Zaina anakusalimu, amekufungia sombe kavu. Papa Bonaventure na Mama Denise, muke wake, wanakusalimu, wanasema wewe umeshinda. Musalimie shemeji Hamidi, na watoto wote uwabusu kwa jina. Mungu akupanulie kile chumba, na dirisha lile liingize hewa njema tu.

Neno la mwisho. Mama amekataa kwenda gatini kwa miguu ya watu, anataka motokari. Nikamwambia, Mama, gati iko hapo tu, hata motere haitapata moto. Akasema: "Najua ilipo. Siku hiyo utanipitisha njia ndefu."

Wako akupendaye na kukuonea wivu,
Sulemani